Mtende, mkunazi, mtarakwa: majina ya mimea katika makorongo ya Jabal Akhdar

Mtu anayetafsiri kwa Kiswahili maelezo ya safari ya kupanda Jabal Akhdar, katika safu ya milima ya Hajar nchini Oman, hukwama kabla hajafika kwenye mmea wa kwanza. Jabal ni mlima kwa Kiarabu, lakini jabali la Kiswahili si mlima. Ni mwamba, jiwe kubwa. Neno lilivuka bahari likapungua kimo. Wadi, yaani bonde jembamba lililochimbwa na maji ya mvua za msimu, nalo haliwezi kuachwa lilivyo: msomaji wa Kenya atafikiria eneo la uchaguzi, na mwingine atafikiria chumba cha wagonjwa hospitalini. Neno linalofaa ni korongo, lile lile linalotumika kwa Korongo la Oldupai, mradi upatanisho wa kisarufi uangaliwe. Makorongo mawili ni mabonde. Korongo wawili ni ndege wenye miguu mirefu.

Ugumu wa mimea ni wa namna nyingine. Majina mengi ya mimea ya milima hiyo yamo tayari katika Kiswahili, kwa kuwa yaliletwa na majahazi yale yale yaliyoleta tende na halua. Mtafsiri huyaona, huyatambua, na huyatumia bila kushuku. Hapo ndipo makosa huanzia, kwa sababu neno likishahamia lugha nyingine huanza maisha yake lenyewe: hupanuka, husinyaa, au hugongana na neno lililolikuta. Suala hili haliwahusu watafsiri peke yao. Oman ina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, za watu waliotoka Zanzibar na bara baada ya 1964, na wengine wengi baada ya 1970. Katika nyumba hizo bustani moja hutajwa kwa lugha mbili, na majina hayalingani kama inavyodhaniwa.

Chini: migomba na mitende

Barabara ya kupanda kwenye nyanda za Saiq huanzia Birkat al-Mawz, karibu na Nizwa. Jina la mji huo lenyewe ni somo dogo la msamiati. Mawz ni ndizi. Birka ni hodhi la maji, na msomaji wa Kiswahili humwona humo birika, ambalo kwake ni chombo cha chai kwanza na tangi la maji baadaye. Hodhi la ndizi, basi. Au, kwa Kiswahili kinachopendeza zaidi, hodhi la migomba. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazotenganisha kabisa jina la mmea huu na jina la tunda lake, tofauti na mnazi na nazi, au mwembe na embe. “Mti wa ndizi” ni maneno ya mtu anayefikiri kwa lugha nyingine.

Lakini kinachotawala mji huo ni mtende, na hapa Kiswahili kinaonyesha historia yake. Kiarabu kina jina kwa kila hatua ya tunda: khalal likiwa bado gumu, rutab likiiva na kulainika, tamr likikauka na kuweza kuhifadhiwa. Kiswahili kina tende tu. Hilo si upungufu wa lugha. Mswahili wa pwani alipokea tende zikiwa zimekauka, ndani ya makanda, kama bidhaa ya dukani. Mti uliokuwa uani kwake ni mnazi, na kwa mnazi ana kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi. Kila lugha hugawanya tunda ambalo wasemaji wake hulipanda na kulitazama likikua.

Mtafsiri anayekutana na rutab mara nyingi huandika “tende mbichi”. Kivumishi -bichi kina maana mbili, kisichoiva na kisichokaushwa, na msomaji huchukua ya kwanza. Rutab imeiva hasa. Afadhali “tende mbivu”, na pale tofauti inapohitajika wazi, “tende mbivu zisizokaushwa”. Anayetaka kulikumbuka neno lenyewe atafute ndugu yake aliyemo tayari katika Kiswahili: rutuba, kutoka mzizi ule ule wa Kiarabu unaohusu unyevu.

Mtende una ndugu wa porini Afrika Mashariki, naye ana jina lake kamili: mkindu. Ndio unaotoa ukindu wa kusukia mikeka. Ni jenasi moja na mtende, Phoenix, lakini hakuna msemaji aliyewahi kuuita “mtende mwitu”, na mtafsiri asijaribu. Jina lililopo lina haki kuliko jina linaloundwa.

Chini ya mitende hiyo, ambako kivuli ni kizito na maji ya mfereji hupita kwa zamu, hupandwa majani ya mifugo. Mfereji wa Birkat al-Mawz, uitwao Falaj al-Khatmayn, ni mmojawapo wa mitano ya Oman iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Majani hayo kwa Kiarabu cha Oman huitwa qatt, na hapa kosa la herufi moja linaweza kumletea mtu matatizo makubwa. Qatt, yenye t mbili na irabu fupi, ni lusina, chakula cha ng’ombe na mbuzi. Qat, yenye irabu ndefu na t moja, ni mirungi, ambayo Kenya huitwa miraa. Mirungi imepigwa marufuku Oman, na imepigwa marufuku Tanzania pia. Kenya huuzwa sokoni. Mtafsiri wa ripoti ya kilimo au wa maelezo ya shahidi anayeandika kwamba mkulima fulani “analima mirungi chini ya mitende” amemtia hatiani mtu aliyekuwa akilisha mbuzi wake. Matini za Kiarabu kwa kawaida huandikwa bila alama za irabu na za mkazo, hivyo jicho halioni t ya pili. Linachoweza kuona ni alifu iliyopo katika neno moja na isiyokuwepo katika jingine. Lazima itafutwe.

Ndani ya korongo

Kutoka mjini mtu huingia katika Wadi al-Muaydin, korongo lenye kuta za mawe ya chokaa na changarawe nyeupe chini. Hapa hakuna aliyepanda kitu, na swali linakuwa ni neno gani litumike kwa mimea ya aina hiyo kwa jumla.

Makala nyingi zilizotafsiriwa huandika “magugu”. Hilo ni kosa. Gugu ni mmea uliomea pasipotakiwa, na huwezi kuwa na gugu bila kuwa na shamba. Mgunga uliosimama peke yake korongoni haumsumbui mkulima yeyote. Kiswahili kina njia tatu nzuri. Ya kwanza ni kitenzi: mimea ya kujiotea, kinyume chake mimea ya kupandwa. Ya pili ni pori: mimea ya porini, mboga za porini. Ya tatu ni mwitu. Neno hili kwa asili ni nomino yenye maana ya msitu, na linapofuata nomino nyingine halichukui kiambishi cha upatanisho. Husemwa mzeituni mwitu, mizeituni mwitu, mbwa mwitu. “Mizeituni miitu” haipo, ingawa wanafunzi huiandika kwa kudhani kwamba mwitu ni kivumishi. Kwamba korongo la Oman halina msitu wowote hakuharibu kitu. Mwitu katika miundo hii umeacha zamani kumaanisha mahali, na sasa unamaanisha hali ya kutotunzwa na binadamu.

Mgunga wa korongoni, samur kwa Waomani, ni Vachellia tortilis, ule ule wenye kilele bapa unaojulikana nyikani Kenya na Tanzania. Hapa tafsiri ni nyepesi. Mkunazi unahitaji uangalifu zaidi. Kwa Kiarabu ni sidr, na tafsiri ya Kiswahili iliyozoeleka, hasa katika maandishi ya dini, ni mkunazi. Waislamu wa pwani hutumia majani yake katika kuosha maiti, kama yatumikavyo ya sidr Uarabuni. Ila mkunazi ulio mwingi pwani ni Ziziphus mauritiana, na ule wa Oman ni Ziziphus spina-christi. Kwa msomaji wa kawaida ni mkunazi, basi, na kazi yake katika matini ni ile ile. Kwa matini ya botania, au kwa lebo ya asali, ambayo bei yake hutegemea mti ambao nyuki wameuchumia, jina la kisayansi liandikwe kando ya la Kiswahili. Vivyo hivyo kwa mlonge wa kutani mwa makorongo, Moringa peregrina, ambao si mlonge uliopandwa nyuma ya nyumba za Dar es Salaam ingawa ni wa jenasi moja nao.

Kisha kuna kichaka chenye maua ya waridi kinachofuata mkondo wa maji, oleanda. Kina sumu kali katika sehemu zake zote. Yafaa kuandika “maua ya rangi ya waridi”, kwani “maua ya waridi” katika safari inayoelekea kwenye mashamba ya mawaridi halisi itamchanganya msomaji, na huku kuna maua ambayo watu huyatia kwenye chakula.

Bustani za ngazi

Juu, kwenye kimo cha takriban mita 2,000, vijiji vya al-Aqr, al-Ayn na ash-Shirayjah vimening’inia ukingoni mwa genge, na chini yao matuta yameshuka kama ngazi hadi korongoni. Hapa ndipo msamiati unapokuwa mnene, na hapa ndipo mwalimu anaweza kupata mifano ya muhula mzima.

Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei huchumwa mawaridi. Petali hutiwa kwenye chungu, mvuke wake ukapozwa kwa chombo cha maji baridi kilichowekwa juu, na matone yakakusanywa. Kitenzi cha kazi hiyo kipo katika Kiswahili nacho ni kukeneka. Wanafunzi wa kemia hukijua kwa nomino yake, ukenekaji, na wengi hudhani ni istilahi iliyobuniwa ofisini. Zao lake ni marashi. Neno hili limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunyunyiza, na chombo chenye shingo ndefu cha kunyunyizia huitwa mrashi, wingi mirashi. Kamusi za zamani hufasiri marashi kuwa ni maji ya waridi. Siku hizi ni manukato yoyote, hata ya chupa yenye pampu. Kwa sababu hiyo, matini inayosema kwamba marashi hutiwa kwenye halua haina kosa kwa msomaji wa Unguja, lakini msomaji wa Kampala au wa Bukavu anaweza kushtuka. “Marashi ya waridi” humaliza tatizo. “Maji ya waridi” pia yanakubalika, hasa kwa mapishi.

Komamanga ni tunda linalostahili kusimamishwa kidogo. Wapo wanaoliita kudhumani, lakini komamanga ndilo lililoenea. Maelezo yaliyozoeleka huligawa jina hili sehemu mbili: koma, tunda la mkoma, na Manga, jina la kale la pwani kwa Uarabuni, hasa Oman. Manga hiyo hiyo imo katika pilipili manga na katika kungumanga. Wanafunzi wakiulizwa kinachounganisha vitu hivi vitatu hujibu kwamba vyote vinatoka Uarabuni, na jibu hilo si sahihi. Pilipili manga asili yake ni India ya kusini; kungumanga imetoka katika visiwa vya Banda, mashariki mwa Indonesia. Ni komamanga peke yake, kati ya vitatu, linalomea na kuzaa katika milima ya Manga. Neno lilimtaja mleta bidhaa, wala halikutaja shamba ilikotoka. Aliyesimama forodhani alimwona nahodha, hakuliona shamba.

Tahajia ya maneno haya matatu haina mantiki moja. Komamanga na kungumanga huandikwa pamoja, pilipili manga huandikwa mbali, na hakuna sababu ya kisarufi inayoeleza tofauti hiyo isipokuwa mazoea. Komamanga limeshikamana kiasi kwamba wingi wake hufanywa mwanzoni, makomamanga, na mti ni mkomamanga. Ama Mmanga kwa maana ya mtu, litumike kwa tahadhari: katika matini za kale ni jina tu la Mwarabu wa Oman, lakini leo wengi hulisikia kama dharau.

Katika Wadi Bani Habib, karibu na magofu ya kijiji cha zamani kilichojengwa kwa mawe, kuna miti mikubwa ya jozi. Jozi hili limetokana na jawz la Kiarabu. Jozi lile jingine, la viatu na la karata, limetokana na zawj, na konsonanti zake zimebadilishana nafasi njiani. Maneno mawili yasiyohusiana yamekutana katika umbo moja, na yote mawili yamo katika ngeli ya I-ZI, hivyo sarufi haisaidii: “alininunulia jozi mbili” inaweza kuwa viatu au vitu vya kutafuna. Ni muktadha tu unaoamua. Lozi lina bahati zaidi. Mlozi ni mti wenye matunda ya lozi, na mlozi ni mchawi; lakini milozi inachanua na walozi wanaroga, na upatanisho humlinda msomaji. Ikumbukwe pia kwamba pwani wapo wanaoita lozi tunda la mkungu, mti wenye majani mapana unaopandwa viwanjani kwa ajili ya kivuli. Mkungu haumo katika bustani hizi.

Mizabibu hutambaa juu ya fito. Kwa Kiarabu zabib ni tunda lililokaushwa tu, na tunda lenyewe mtini ni inab. Kiswahili kimechukua neno la tunda kavu kikalitumia kwa yote mawili, kwa sababu inayofanana na ile ya tende. Basi zabib ya Kiarabu itafsiriwe “zabibu kavu”, na zabibu bila nyongeza ibaki kwa inab. Fyulisi, ambazo wengi sasa huziita pichi, aprikoti na tini hazina matatizo ya aina hiyo.

Kitunguu saumu cha mlimani humo kina sifa sokoni. Saumu hapa ni thum, jina la Kiarabu la kiungo hicho, na Zanzibar wengi hutamka thomu. Hakihusiani na saumu ya Ramadhani, ingawa kila mwaka hutokea mwanafunzi mwerevu mwenye nadharia ya kuviunganisha. Nafaka za matuta hayo nazo zina mitego yake: shayiri, ambayo kamusi za kale huiandika shairi, sawasawa na utungo, na ngano, ambayo kwa umbo haitofautiani na hadithi za kale. Lugha ambayo nafaka zake mbili hufanana kwa jina na tungo zake mbili ingepaswa kuwa na vitendawili vingi zaidi kuhusu jambo hilo.

Juu ya bustani

Mifereji inapoishia, mimea ya kupandwa nayo huisha. Mzeituni mwitu unaomea kwenye miteremko, itm kwa Kiarabu cha Oman, ni nususpishi ile ile inayopatikana katika misitu ya milima ya Kenya na Tanzania, Olea europaea cuspidata. Matunda yake ni madogo, na nyama yake ni haba. Istilahi “mzeituni mwitu” inajulikana kwa wasomaji wa Biblia kutoka Waraka kwa Warumi, na hakuna sababu ya kutafuta nyingine.

Kuanzia takriban mita 2,100 huonekana miti mizee yenye magome yanayochanika, Juniperus seravschanica. Tafsiri nyingi huandika mwerezi. Kosa hili lina historia inayoeleweka. Kiingereza huuita mti wa jenasi hii wa Afrika Mashariki kwa jina lile lile kinalolitumia kwa mierezi ya Lebanoni, na mtafsiri aliyepitia Kiingereza hufuata jina badala ya mti. Mwerezi wa Lebanoni ni Cedrus, wenye mbegu katika koni ngumu za mti. Huu wa Oman una vitunda vidogo vya buluu iliyokolea. Ndugu yake wa Afrika Mashariki, Juniperus procera, kwa Kiswahili cha Kenya ni mtarakwa, neno ambalo wasemaji wa Kikuyu na wa Kimaasai watalisikia kama lao. Litumike hilo. Msomaji wa Tanzania asiyelijua atalipata katika kamusi, na atakapolipata atakuwa amepata mti ulio sahihi, jambo ambalo mwerezi hauwezi kumpa. Msonobari pia usitumike, kwani huo ni mti wa majani ya sindano unaopandwa kwa mbao.

Limebaki tunda moja dogo jeusi ambalo watoto wa mlimani huchuma na ambalo huuzwa kwa vikombe wakati wa msimu wake. Mti wake ni Sideroxylon mascatense, na jina lake kwa Waomani ni but, yenye irabu ndefu. Kiswahili hakina jina. Kanuni ya kawaida ya kuswahilisha ingeongeza irabu mwishoni na kiambishi cha mti mwanzoni: buti kwa tunda, mbuti kwa mti. Lakini buti ni kiatu, na sentensi “watoto wanakula buti” haiwezi kuokolewa na tanbihi yoyote. Hadi wasemaji wa Kiswahili wanaoishi chini ya mti huo watakapotoa jina lao, yafaa kuandika “tunda liitwalo but” pale linapotajwa mara ya kwanza, na “tunda la but” baada ya hapo.